Argentina: Tajiri wa ngano na nyama aliyeshindwa kulipa mara tisa

JUMAMOSI ya tarehe 1 Desemba 2001, milango ya mabenki ya Buenos Aires ikiwa imefungwa kwa mapumziko ya mwisho wa juma, serikali ya Argentina ilitoa amri. Kuanzia Jumatatu, hakuna mwenye akaunti ambaye angeruhusiwa kuchukua taslimu zaidi ya peso 250 kwa wiki. Wakati huo peso moja ilikuwa sawa na dola moja ya Marekani, na usawa huo ulikuwa umeandikwa katika sheria ya nchi. Mwenye dola 40,000 alizodunduliza ili anunue nyumba, na mwenye peso 600 za mshahara wa mwezi, walipanga foleni moja na kutoka na noti zile zile chache.

Wananchi waliibatiza amri hiyo "corralito". Kwa Kihispania neno hilo ni zizi dogo, na ndilo jina la kile kiuzio anachowekwa mtoto mchanga asije akatambaa hadi jikoni. Serikali ilisema kizizi hicho kingekaa siku 90 tu. Hundi na malipo kwa kadi viliruhusiwa, na kwa hoja hiyo serikali ilidai kwamba mali ya mtu haikuguswa. Lakini fundi bomba, muuza mboga na mtumishi wa nyumbani hawapokei hundi. Biashara ndogo ndogo, ambayo kwa sehemu kubwa iliendeshwa kwa taslimu, ilikwama mnamo siku chache.

Tarehe 5 Desemba Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikataa kutoa fungu la mkopo la zaidi ya dola bilioni 1 lililokuwa likisubiriwa. Tarehe 19 watu walivunja maduka ya vyakula vitongojini, na usiku wake watu wa tabaka la kati walitoka majumbani wakigonga sufuria barabarani. Rais Fernando de la Rúa alitangaza hali ya hatari. Siku ya pili alijiuzulu na kuondoka Ikulu kwa helikopta iliyomchukua paani. Zaidi ya watu 30 walikuwa wamekwisha kuuawa nchini. Tarehe 23 rais wa muda, Adolfo Rodríguez Saá, aliliambia Bunge kwamba Argentina inasimamisha malipo ya deni lake, na wabunge wakamshangilia. Hati za dhamana za kadiri ya dola bilioni 95 zikabaki bila mlipaji. Hadi siku hiyo hakuna serikali duniani iliyokuwa imewahi kusimamisha deni kubwa kiasi hicho.

Nchi iliyofikia hapo haikuwa ombaomba. Ilikuwa imepata kuwa miongoni mwa matajiri kumi wa kwanza wa dunia.

Iliyowapita Wafaransa

Hesabu za Angus Maddison, mtaalamu wa historia ya uchumi, zinaonyesha kwamba mwaka 1913 pato la kila Muargentina lilikuwa kubwa kuliko la Mjerumani na la Mfaransa, na lilimwacha mbali Mwitaliano. Mjini Paris ilikuwa kawaida kumsema mtu kuwa ni tajiri kama Muargentina. Mwaka huo Buenos Aires ilifungua reli ya chini ya ardhi, ya kwanza katika Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata duka la Harrods la London lilifungua huko tawi lake pekee la ng'ambo. Sensa ya 1914 ilihesabu watu milioni 7.9, na karibu theluthi moja yao walikuwa wamezaliwa nje, wengi Italia na Hispania. Vijana wa Ulaya walivuka bahari kwenda kuvuna ngano ya Argentina.

Utajiri huo ulitoka katika nyanda za Pampas, zenye udongo mweusi mzito ambao haukudai mbolea. Zamani ng'ombe wa huko alichinjwa kwa ajili ya ngozi na mafuta, na nyama yake ikakaushwa kwa chumvi ili ikalishe watumwa wa mashamba ya Brazil na Kuba. Desemba 1876 meli ya Kifaransa iitwayo Le Frigorifique ilitia nanga Buenos Aires ikiwa na mitambo ya ubaridi, na biashara ikageuka. Baada ya miaka michache nyama mbichi iliweza kufika Liverpool na London bila kuoza. Wenye mashamba wakaagiza madume ya Shorthorn na Hereford kutoka Uingereza, wakapanda majani ya alfalfa, na Waingereza wakajenga reli. Kufikia 1914 Argentina ilikuwa na zaidi ya kilometa 30,000 za reli, karibu zote zikielekea bandarini.

Ila hata katika neema hiyo mdudu alikuwa ndani ya tunda. Mtaji ulikuwa wa mgeni, mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja, na ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Mwaka 1890 hati za Argentina zilikuwa zimekwisha kuifikisha nyumba ya Baring Brothers ya London kwenye ukingo wa kufilisika, hata Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kukusanya fedha za kuiokoa. Wawekezaji walilaani, wakakaa miaka michache, kisha wakarudi. Mtindo huo wa kulaani na kurudi utaonekana tena na tena katika habari hii.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilikata mtaji wa Uingereza, na mdororo wa 1929 ukaangusha bei ya ngano na nyama. Septemba 1930 Jenerali José Félix Uriburu aliiondoa serikali iliyochaguliwa, na kwa miaka zaidi ya 50 iliyofuata jeshi likawa linaingia na kutoka Ikulu. Mwaka 1933 Argentina ilitia saini mkataba na Uingereza ili isipoteze soko la nyama, na kwa malipo yake ikatoa upendeleo kwa bidhaa na makampuni ya Kiingereza. Masharti yake yaliwachoma sana Waargentina, na uchungu huo ndio uliomfungulia njia Kanali Juan Domingo Perón.

Perón na mkate wa uwele

Perón alishinda uchaguzi wa Februari 1946. Vita ya Pili ilikuwa imeiachia Argentina akiba ya fedha za kigeni ya zaidi ya dola bilioni 1.5, kwani Ulaya ilikuwa imekula nyama na ngano yake kwa mkopo. Serikali iliunda shirika la umma lililoitwa IAPI, ambalo lilinunua nafaka za mkulima kwa bei ya chini na kuziuza nje kwa bei ya juu. Faida ilikwenda kwenye viwanda na mishahara. Machi 1948 reli za Waingereza zilitwaliwa kwa pauni milioni 150, na sehemu kubwa ya akiba ikaishia katika mabehewa yaliyochakaa. Wasomaji waliopata kuishi chini ya bodi za mazao hawahitaji kuelezwa mkulima alifanya nini. Alipunguza kulima. Ukame ulipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, Argentina, ambayo ilikuwa ghala la dunia, ilikula mkate uliochanganywa na uwele, na hiyo ilikuwa mwaka 1952.

Hata hivyo, kumtwika Perón mzigo wote, kama wafanyavyo waandishi wengi, si haki. Mfanyakazi wa Argentina alipata likizo, kiinua mgongo na hospitali ambavyo matajiri wa 1913 hawakufikiria kumpa. Na wanajeshi waliompindua Septemba 1955 hawakuondoa tatizo la msingi, nalo ni kwamba kila serikali iliahidi zaidi ya ilivyokusanya kodi, na pengo likazibwa ama kwa kuchapisha noti ama kwa kukopa. Juni 1975 Waziri wa Uchumi, Celestino Rodrigo, alishusha thamani ya peso kwa zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja. Jeshi lilichukua nchi Machi 1976, likauza dola kwa bei nafuu ya bandia, na lilipoondoka mwaka 1983, baada ya kushindwa vita vya visiwa vya Falkland, deni la nje lilikuwa limepanda kutoka chini ya dola bilioni 10 hadi karibu dola bilioni 45.

Serikali ya kiraia ya Raúl Alfonsín ilirithi deni hilo. Mwaka 1989 bei zilipanda kwa asilimia 3,079. Katika mwezi wa Julai peke yake zilipanda karibu mara tatu, na maduka makubwa yakawa yanatangaza bei mpya kwa vipaza sauti wakati wateja wangali wanajaza vikapu. Januari 1990 serikali mpya ya Carlos Menem ilichukua amana za muda maalumu katika mabenki na kuwapa wenyewe hati za dhamana za miaka 10. Mwenye akiba aliyedhani 2001 ni mara ya kwanza alikuwa na kumbukumbu fupi.

Peso moja, dola moja

Dawa ilikuja tarehe 1 Aprili 1991, na kwa miaka kadhaa ilionekana ni dawa kweli. Domingo Cavallo, Waziri wa Uchumi wa Menem, alipitisha sheria iliyosema kwamba australi 10,000, sarafu ya wakati huo, ni sawa na dola moja, na Benki Kuu haitatoa noti isiyokuwa na akiba ya kigeni nyuma yake. Januari 1992 sifuri nne zilifutwa na peso ikazaliwa, moja kwa dola moja. Tangu 1970 Argentina ilikuwa imefuta jumla ya sifuri 13 katika sarafu zake.

Wazee wa Afrika Mashariki wanaufahamu utaratibu wa namna hiyo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kuanzia 1919 hadi Benki Kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilipofunguliwa mwaka 1966, ilitoa shilingi kwa kipimo cha pauni ya Uingereza. Ni mfumo wa nidhamu. Serikali haiwezi kuchapa noti za kulipia mishahara. Lakini mfumo huo ulikuwa wa makoloni, ambayo matumizi yake yalipangwa na mkoloni. Argentina ilikuwa nchi huru yenye mikoa 23, kila mmoja na gavana wake na madeni yake.

Mfumuko wa bei ulishuka hadi asilimia 17.5 mwaka 1992 na karibu sifuri mwaka 1996. Simu, shirika la ndege, umeme na kampuni ya mafuta ya YPF viliuzwa. Benki za nje zilifungua matawi. Mwargentina wa kawaida alikwenda Miami kununua televisheni. IMF iliitaja Argentina kuwa mwanafunzi hodari, na hati zake zikanunuliwa na mifuko ya pensheni ya Marekani na, kwa bahati mbaya, na wastaafu wa Italia waliotafuta riba kubwa kidogo kuliko ya nyumbani kwao.

Hapa ndipo mwenye amana alipopaswa kusoma maandishi madogo. Kila noti iliyochapishwa ilikuwa na akiba yake Benki Kuu, ingawa sheria iliruhusu sehemu ya akiba hiyo iwe hati za serikali yenyewe zilizoandikwa kwa dola. Lakini amana iliyoandikwa katika kitabu cha benki haikuwa na dola nyuma yake. Ilikuwa na mkopo. Benki ilipokea dola ya mteja mmoja na kumkopesha mwingine kwa dola, na huyo wa pili alikuwa mwenye kiwanda cha viatu au dereva wa teksi, ambaye mapato yake yalikuwa peso. Maadamu peso moja ilikuwa dola moja, hesabu ilikaa sawa. Ikivunjika, dereva hawezi kulipa, na benki haina cha kumrudishia mwenye amana. Watu wote wawili walikuwa wamewekeza katika ahadi moja ya kisiasa bila kujua.

Ahadi hiyo ilianza kulegea kutokana na mambo yaliyotokea nje. Dola ilipanda thamani mwishoni mwa miaka ya 1990, na peso ikapanda nayo huku bei ya ngano ikishuka. Januari 1999 Brazil, mteja mkubwa kuliko wote wa Argentina, iliiachia sarafu yake ikaanguka. Kiatu cha São Paulo kikawa nafuu kuliko cha Buenos Aires, na viwanda vikaanza kuhamia Brazil. Nchi yenye sarafu yake ingeshusha thamani. Argentina iliweza tu kushusha mishahara, na Julai 2001 ilifanya hivyo hivyo, ikakata mishahara na pensheni za serikali kwa asilimia 13.

Soko lilikwisha kunusa harufu. Juni 2001 serikali ilibadilisha hati za karibu dola bilioni 30 kwa hati za muda mrefu zaidi, kwa riba ya takriban asilimia 15. Hiyo ni riba ya dola, katika nchi ambayo bei zilikuwa zinashuka. Mkopaji anayekubali masharti hayo anajua, na anayemkopesha anajua pia, kwamba fedha hizo hazitarudi zote. Jambo jingine ni kwamba mabenki yalilipa riba kubwa zaidi kwa amana za peso kuliko za dola, ilhali sheria ilisema ni kitu kimoja. Wakubwa walizisoma dalili hizo, wakahamisha mabilioni ya dola kwenda Uruguay, Miami na Uswisi kwa njia ya waya. Wadogo walibaki, na ndio waliokutwa ndani ya kizizi.

Dola 10,000 zinapokuwa 3,700

Eduardo Duhalde aliapishwa Januari 2, 2002. Katika hotuba yake ya kwanza aliahidi kwamba aliyeweka dola atapata dola, na aliyeweka peso atapata peso. Ahadi hiyo ilidumu wiki chache. Sheria ya Cavallo ilifutwa, na mwanzoni mwa Februari serikali iliamua kwamba amana zote za dola zigeuzwe peso, kwa kiwango cha peso 1.40 kwa dola, na mikopo ya dola igeuzwe kwa peso moja kwa dola.

Hesabu yake ni rahisi kwa kila mwenye duka. Mtu aliyeweka dola 10,000 alihesabiwa peso 14,000. Katikati ya mwaka huo dola moja ilikuwa inauzwa peso 3.80, kwa hiyo mali yake ilikuwa na thamani ya takriban dola 3,700, nayo hakuweza kuichukua, kwa sababu amana za muda zilipangiwa kulipwa kwa awamu. Aliyekopa dola 10,000 alitakiwa kurudisha peso 10,000, sawa na dola 2,600. Mwenye akiba alimlipia mwenye deni, na kampuni kubwa zilizokuwa na mikopo mikubwa zilisamehewa pamoja na dereva wa teksi. Tofauti kati ya 1.40 na 1 ilikuwa hasara ya mabenki, na serikali ikayafidia kwa hati mpya za dhamana. Ndiyo kusema deni jipya lilizaliwa siku ile ile la zamani lilipokataliwa.

Pato la taifa lilishuka kwa asilimia 10.9 mwaka 2002. Mei mwaka huo watu 21 katika kila 100 wanaotafuta kazi hawakuwa nayo, na Oktoba zaidi ya nusu ya wakazi wa mijini, asilimia 57.5, walihesabiwa kuwa maskini. Fedha taslimu ziliadimika hata mikoa ikachapisha hati zake yenyewe za kulipia mishahara. Zile za mkoa wa Buenos Aires ziliitwa patacón, na McDonald's ilitengeneza mlo maalumu wa kununuliwa kwa hati hizo. Vilabu vya kubadilishana mali kwa mali vilifunguliwa katika makanisa na viwanda vilivyofungwa, ambako mwalimu alifundisha hesabu kwa unga na mikate.

Manowari yakamatwa Tema

Wenye hati za dhamana walisubiri hadi 2005. Serikali ya Néstor Kirchner iliwapa hati mpya zenye thamani ya kama theluthi moja ya zile za kwanza, ikasema anayetaka achukue, asiyetaka akae. Asilimia 76 walichukua, na baada ya nafasi ya pili mwaka 2010 wakafikia asilimia 93. Waliobaki waligawanyika makundi mawili yasiyofanana kabisa. Kulikuwa na Waitaliano wadogo, kati ya wale zaidi ya 400,000 walionunua hati hizo kupitia benki zao za mitaani. Na kulikuwa na mifuko ya Marekani, ikiongozwa na Elliott ya Paul Singer, ambayo ilinunua hati kwa bei ya kutupa baada ya anguko, kisha ikaenda mahakamani kudai thamani kamili.

Madai hayo yalifika hadi Afrika. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la maji la Argentina, ARA Libertad, yenye milingoti mitatu na mabaharia vijana, ilitia nanga katika bandari ya Tema, Ghana, kwa ziara ya kirafiki. Wanasheria wa Elliott walikwenda mahakama ya Ghana na kupata amri ya kuizuia, kama fundi anavyozuia gari la mteja asiyelipa. Meli ilikaa hapo zaidi ya miezi miwili. Iliachiwa Desemba baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, kuamua kwamba meli ya kivita ina kinga.

Meli haikulipa deni, lakini jaji wa New York, Thomas Griesa, alilipisha. Aliamuru kwamba Argentina isiwalipe waliokubali hati mpya bila kuwalipa na waliokataa, na Julai 2014 malipo yakasimama tena. Mwaka 2016 serikali ya Mauricio Macri ilimaliza kesi kwa kulipa zaidi ya dola bilioni 9. Elliott ilivuna faida kubwa mno. Waitaliano wapatao 50,000 waliokuwa wamefungua shauri kwa pamoja walipata dola bilioni 1.35, yaani asilimia 150 ya walichoweka, baada ya kungoja miaka zaidi ya 14. Miongoni mwa waliosaini mwaka 2005 kwa theluthi moja walikuwamo wazee wasioweza kungoja.

Miti midogo ya Mtaa wa Florida

Katika miaka ya 2003 hadi 2007 uchumi ulikuwa ukikua kwa asilimia 8 hadi 9 kwa mwaka, kwa nguvu ya peso nafuu na soya iliyokuwa inanunuliwa na China kwa bei nzuri. Ingewezekana kuweka akiba. Badala yake matumizi yalipanda kuliko mapato, na bei zilipoanza kupanda, serikali ilibadilisha wakuu wa idara ya takwimu, INDEC, mwaka 2007. Kuanzia hapo takwimu rasmi zilisema mfumuko ni karibu asilimia 10 wakati wachunguzi binafsi walihesabu zaidi ya 20. Waliothubutu kutoa hesabu tofauti walitozwa faini. Mwaka 2008 akiba za pensheni za watu binafsi zilitwaliwa na serikali. Kodi ya kuuza soya nje ilikuwa asilimia 35, na mkulima akajibu kwa njia yake: aliitia soya katika mifuko mirefu myeupe ya plastiki shambani, akaiacha huko kama mtu anavyoficha dola chini ya godoro, akisubiri peso ishushwe.

Oktoba 2011 serikali ya Cristina Fernández de Kirchner ilizuia ununuzi wa dola, na soko la magendo likashamiri. Katika Mtaa wa Florida, katikati ya Buenos Aires, vijana husimama wakiita wateja wabadilishe fedha. Huitwa "arbolitos", miti midogo, kwa kuwa wamesimama mahali pamoja na mikono yao ina majani ya kijani, yaani dola. Kibanda cha ndani ambako biashara inamalizwa huitwa pango. Waliofanya biashara Dar es Salaam au Kampala miaka ya 1980, kabla ya maduka ya fedha kuruhusiwa, wangejiona nyumbani.

Macri aliondoa vizuizi mwishoni mwa 2015, na soko lililaani na kurudi kama kawaida yake. Juni 2017 Argentina iliuza hati za dhamana za miaka 100, za dola bilioni 2.75, kwa riba iliyokaribia asilimia 8. Wanunuzi walikuwa wengi kuliko hati. Mwaka uliofuata peso ilianguka, na IMF ikaidhinisha mkopo mkubwa kuliko wowote katika historia yake, dola bilioni 57, ambao takriban 44 zilitolewa. Vizuizi vya dola vilirudi Septemba 2019. Mei 2020, kabla hata hati ya miaka 100 haijatimiza miaka mitatu, Argentina ilishindwa kulipa kwa mara ya tisa tangu ipate uhuru.

Mwaka 2023 bei zilipanda kwa asilimia 211. Javier Milei, mwanauchumi aliyefanya kampeni akiwa ameshika msumeno wa mashine, aliapishwa Desemba mwaka huo na katika siku chache akashusha kiwango rasmi kutoka peso 366 kwa dola hadi 800. Alikata ruzuku na kusimamisha ujenzi wa serikali. Nusu ya kwanza ya 2024 asilimia 52.9 ya wakazi walihesabiwa kuwa maskini. Nusu ya pili ilishuka hadi 38.1, na mfumuko wa mwaka mzima ukawa asilimia 117.8. Aprili 2025 IMF ilikubali mkopo mwingine wa dola bilioni 20, na wananchi wakaruhusiwa tena kununua dola benki.

Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kwamba atakayetoa dola zake majumbani na kuzitumia hataulizwa alizipata wapi. Hesabu rasmi huonyesha kwamba Waargentina wanashikilia zaidi ya dola bilioni 200 nje ya mabenki yao, katika makasha, ng'ambo na chini ya magodoro. Baadhi zilikuwa zimerudi benki katika msamaha wa kodi wa 2024. Sehemu kubwa zaidi, ambayo wenyewe walipitia Januari 1990 na Desemba 2001, ilibaki ilipokuwa.